Jina Asiloitwa Mentewab

Vishikwambi vilipofika shuleni, watoto wa darasa la nne walinawa mikono kabla ya kuvigusa. Hakuna aliyewaambia. Walitoka wenyewe, wakachota maji kwenye pipa la nje, maji ya kijiji chetu cha milimani, Ankober, ambayo asubuhi yanauma vidole hadi mfupani, wakanawa, wakajifutia mashuka waliyojitanda, wakarudi kukaa kimya. Mwalimu Wubshet, aliyekuwa amevunja rula kadhaa juu ya meza akiutafuta ukimya wa namna hiyo, alibaki amesimama na boksi mikononi.

Mentewab alikaa benchi la mbele. Alikuwa na miaka kumi, mwembamba, mtoto wa maneno machache ambaye watu humdhania mpole kumbe anawaza tu. Alipokibonyeza chake, kioo kikawaka na uso wake ukapata mwanga. Mwalimu aliwaonyesha pa kugusa. Dunia ikatokea, ya buluu, ya mviringo, imening'inia gizani bila kamba. Wakaivuta kwa vidole viwili kama walivyoelekezwa nayo ikawajia: nchi, kisha milima, kisha ukingo wa genge ambako mashamba ya shayiri hukatika ghafla, kisha paa la duara la kanisa lao, na kando yake bati la shule lenye kutu pembeni. Wote wakainua macho kutazama dari. Yitbarek, mtoto wa mwenye punda, alichomoka mbio hadi uwanjani, akapunga mkono angani, akarudi akihema na kuuliza kama ameonekana.

Walimcheka, lakini si sana, maana kila mmoja alikuwa na swali lilelile moyoni.

Mentewab hakucheka kabisa. Aliuliza kwa sauti ndogo kama Beiruti nako kunaonekana. Mwalimu alijua kwa nini anauliza. Aliinama, akaisukuma ile dunia kwa kidole, wakavuka bonde la moto kule chini, wakavuka jangwa, wakapanda kaskazini, wakafika kwenye maji. Mentewab hakuwahi kuona bahari. Alitazama ile buluu ikipita chini ya kidole cha mwalimu isiishe, na mwili ukamsisimka. Kumbe mama yake alikuwa nyuma ya vitu vyote hivyo. Walipofika kwenye ule mji, aliweka kidole chake juu yake na mji mzima ukafunikwa.

Mama yake, Askale, aliondoka kwenda kufanya kazi za ndani Beiruti Mentewab akiwa bado hajaanza shule. Alimwachia bibi yake, Bibi Belaynesh, na kila Jumapili baada ya misa alipiga kwenye ile simu ndogo ya vitufe ambayo bibi huifungia kwenye pindo la shuka. Siku hizo Jumapili kadhaa zilikuwa zimepita bila simu kulia. Bibi alisema ni mtandao. Alilisema jambo hilo mara nyingi mno kwa mtu asiyejua mtandao ni kitu gani, na Mentewab akajua kwamba bibi naye anaogopa.

Wiki ile ya kwanza mwalimu aliwafundisha habari ya mlango. Ndani ya kishikwambi, aliwaambia, kila mtoto ana chumba chake: masomo yake yamo, kazi zake zimo, na kuna kisanduku ambamo wenzake na mwalimu wanaweza kumwandikia. Mlango wa chumba ni neno la siri. Wachague neno ambalo darasa zima halilijui, wala majirani hawalijui. Wasiweke jina lao wala jina la baba. Watoto wakaumiza vichwa. Katika kijiji ambacho kuku akitaga nyumba ya juu, nyumba ya chini wanajua, neno kama hilo utalitoa wapi? Yitbarek akainua mkono akauliza je, jina la ubatizo.

Mwalimu Wubshet alifurahi hadi akapiga paja. Kwetu mtoto huwa na majina mengi: moja la kuitiwa, moja la bibi, moja la mama, hata shangazi akipenda humpa lake. La ubatizo haliitwi. Mvulana hupewa siku ya arobaini na msichana siku ya themanini, na baada ya hapo linabaki kwa kasisi, kwa wazazi na kwa Mungu. Mwenyewe hulinong'ona tu anapokwenda kupokea komunyo. Mwenye nia mbaya akilipata, na akalipata na la mama yako, anaweza kukuhesabia nyota yako na kukufunga. Ndivyo tulivyolelewa, na hata wale waliosoma wakarudi na tai shingoni, ukiwauliza jina lao la ubatizo wataangalia pembeni na kuulizia habari za mvua. Basi ni neno gani la siri zaidi ya hilo? Mwalimu aliwasifu, akageukia ukuta asione, na watoto wakaandika. Ningekuwepo na mimi ningegeukia ukuta na kutabasamu, kwa hiyo simcheki.

Mentewab naye aliandika lake, polepole, akiwa amekifunika kioo kwa shuka. Jina lenyewe sitaliandika hapa. Nimelelewa.

Siku zilizofuata zilimpita akiwa kama mtu anayetembea amefumbuliwa macho upya. Aliona moyo wa binadamu ukidunda, umekatwa katikati ili watoto waone damu inakopita. Alisikia nyangumi akiimba. Alijifunza kwamba nyota ni moto, kwamba mwanga wake husafiri muda mrefu kabla ya kutufikia, na kwamba nyingine tunaziona bado ilhali zilishazimika. Hilo lilimkalia rohoni. Jioni alisimama nje akatazama juu hadi bibi alipomuuliza kama amepoteza mbuzi kule angani.

Ni katika somo hilo la nyota ndipo mzee mmoja alipojitokeza.

Alikuja pembeni ya kioo bila kuitwa: mzee mwenye ndevu, kilemba cheupe kichwani, kitabu kikubwa mapajani. Aliitwa Mhesabu Nyota. Andika jina lako la ubatizo na la mama yako, alisema, nikuambie ulichofichwa. Mwalimu alikuwa amewaonya kwamba kitu kinachorukia kioo bila kualikwa hakiguswi, kinaitiwa mwalimu. Mentewab alilikumbuka onyo hilo vizuri. Alitazama mlangoni, mwalimu alikuwa uwanjani na mzazi mmoja aliyekuja kulalamika kwamba mwanawe sasa anaitetea dunia kuwa ni mviringo hata wakati wa kula. Angemwita. Alikuwa amekwisha kuinuka. Lakini chini ya yule mzee kulikuwa na maswali ya kuchagua, na la tatu lilisema: Aliye mbali atarudi lini?

Alikaa tena.

La kwake aliliandika. La mama yake alilijua kwa sababu kila alfajiri Bibi Belaynesh humwombea bintiye akiwa ameelekea ukuta, na ukuta wa udongo haunyonyi sauti yote. Gurudumu likazunguka kwenye kioo, likazunguka, kisha maneno yakaja yenyewe, herufi baada ya herufi, kana kwamba mtu yuko ndani anaandika. Yakamuuliza aliye mbali yuko nchi gani, ameondoka lini, na yeye anasoma shule ipi. Mentewab alijibu yote, kwa adabu, kama unavyomjibu mtu mzima. Mwishoni mzee akaandika kwamba nyota ya mama yake imeshageuka na inatembea kuelekea nyumbani.

Alirudi kwao jioni ile hatua zake hazigusi mawe. Hakumwambia mtu.

Alhamisi alifungua chumba chake na kukuta barua kisandukuni. Juu, palipoandikwa jina la aliyetuma, palikuwa na jina lake mwenyewe: Mentewab amemwandikia Mentewab. Lakini barua ilianza, Mwanangu. Ilisema mama yuko njiani. Atashuka Jumamosi kituo cha mabasi cha mjini Debre Birhan, saa nne asubuhi, naye anataka mwanawe awe mtu wa kwanza kumwona. Apande basi la asubuhi, amwambie kondakta nauli italipwa kulekule. Asimwambie bibi, maana anataka kumshtukiza, wala asimwambie mwalimu.

Mentewab aliisoma hadi macho yakajaa ukungu. Hakuwa na shaka hata chembe, na msimlaumu. Chumba kile kilikuwa kimefungwa kwa neno ambalo halijui yeyote isipokuwa yeye, kasisi, wazazi wake na Mungu, na kati ya wote hao ni nani angeingia humo kumwandikia Mwanangu? Mama alikuwa ameuacha ule mji, ameivuka ile buluu yote isiyoisha, amefika mlangoni pake na kuufungua kwa jina. Muujiza wa aina hiyo alikuwa amesikia unasomwa kanisani tu, na sasa umemjia yeye, benchi la mbele, karibu na dirisha lililovunjika.

Jioni bibi alikaanga buni. Mentewab alikuwa amekwisha kuichomoa nguo yake nyeupe ya sikukuu na kuikunja chini ya gunia. Alimtazama bibi akipepea moto, akashindwa kujizuia. Akamuuliza mama akirudi atafanya nini.

"Nitamchapa," bibi alisema bila kugeuka. "Halafu nitalia. Halafu nitamchapa tena kwa kuniliza. Kwa nini unauliza?"

"Basi tu."

"Basi tu haina miguu ya kuja yenyewe, wewe mtoto. Lete vikombe."

Alileta vikombe. Siri ile ilikuwa tamu na ilikuwa inamchoma, vyote pamoja, na usiku alijifunika hadi kichwani akihesabu atakavyosema atakapomwona. Kitu kimoja alikitamani kuliko vyote. Mama alikuwa na jina lake la kumwitia, Kolo, kwa kuwa alipokuwa mdogo hakutulia mgongoni, alirukaruka kama kolo, shayiri inayokaangwa kwenye chungu. Hakuna mwingine aliyemwita hivyo. Kwenye simu sauti ilikuwa ikikatikakatika na mara nyingi jina lenyewe lilipotelea njiani. Kuliona limeandikwa, limekaa, haliondoki: hilo alilitaka mno.

Kwa hiyo Ijumaa, kabla masomo hayajaanza, alijibu ile barua. Hakuwa anamjaribu mtu. Ilikuwa hamu tu. Aliandika: Mama, niite.

Jibu lilikuja wakati wenzake wakisoma habari za mito. Alilifungua chini ya shuka, na pale katikati ya kioo, herufi nzima nzima, lilikuwapo jina lake la ubatizo. Chini yake ilisemwa: Unaona? Nani mwingine analijua kama si mama yako?

Hakuwahi kuliona jina lile likiandikwa na mkono mwingine, na lilionekana kama mtu aliyevuliwa nguo barabarani. Akaliziba kwa kiganja. Alikumbuka siku aliyoambiwa. Alikuwa mdogo sana; mama alifunga mlango mchana kweupe, akavuta shuka juu ya vichwa vyao wote wawili, akamwekea mdomo sikioni, akalisema. Kisha akamwekea kidole midomoni. Nimekupa, alisema, na mimi sitalitamka tena, hata ukinisikia nakufa. Hakulitamka tena, hata siku ya kuagana kule kituoni alipokuwa analia mpaka kamasi zinamtoka.

Mama yake asingeliandika. Hata kwa kumrudishia mtoto wake, asingeliandika.

Basi aliyeko huko si yeye. Na kama si yeye, hakuna basi la Jumamosi, hakuna saa nne, hakuna mtu wa kwanza wala wa pili kuonwa, na mama yake bado yuko ng'ambo ya maji yote yale, au hayuko popote. Mentewab alimpoteza mama yake mara ya pili akiwa amekaa wima darasani, na jirani yake wa benchi hakujua chochote, aliendelea kutaja mito kwa sauti.

Mtu mzima angeweza kunyamaza hapo. Najua wengi ambao wangenyamaza, wakafuta ile barua, wakafa na aibu yao. Alikuwa amevunja onyo la mwalimu, ametoa jina lake, na kubwa zaidi, ametoa jina la mama yake kwa mtu asiyemjua. Lakini aliinuka, akakibeba kishikwambi kwa mikono miwili kama anavyobeba sinia ya vikombe vya kahawa, akenda hadi mezani.

"Mwalimu, nimekosa," alisema. "Kuna mtu anajifanya mama yangu."

Mwalimu Wubshet alichukua, akaanza kusoma. Alipofika kwenye jina alisimama. Aliweka kiganja chake juu ya kioo, akalifunika bila kulisoma, akaendelea na yaliyo juu na yaliyo chini huku mkono wake ukiwa palepale. Mentewab aliuona mkono ule. Hadi leo, akitaka kueleza mwalimu wake alikuwa mtu wa namna gani, anaueleza mkono ule.

"Umejuaje si yeye?" mwalimu aliuliza.

"Ameliandika. Mama haliandiki."

Mwalimu alikaa kwenye benchi la watoto, magoti yakamfika kifuani. Alimtazama yule mtoto kwa muda mrefu, kwa macho ambayo Mentewab hakuwahi kutazamwa nayo na mtu mzima, macho ya mtu aliyekuta kitu kikubwa mahali alipotegemea kidogo. Alisema kwamba yeye mwenyewe, kwa elimu yake yote, angepanda lile basi. Kisha akaongeza, taratibu, kwamba mlango ule aliuweka yeye. Yeye ndiye aliyefurahi na kugeukia ukuta. Mwizi hakuhitaji kuvunja kitu. Aliwauliza watoto ufunguo kwa jina la nyota, wakampa, na kwa watoto wa mahali pengine, wasio na jina la kuficha, asingeweza hata kuanza. "Kwa hiyo kosa hili tuligawane," alisema. "Na kubwa zaidi ni langu."

Alimsindikiza nyumbani mchana uleule. Bibi Belaynesh alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa jicho, mikono imejaa unga wa mbaazi wa siku ya mfungo. Habari ya kituo cha mabasi ilimfanya amvute mjukuu wake kifuani kwa nguvu, unga ukamjaa nywele. Habari ya majina ndiyo iliyomwangusha. Alijishika kichwa.

"Mwalimu," alisema, "mimi nimelifunga jina la mtoto huyu miaka kumi. Wewe umelifungua kwa wiki moja."

"Ni kweli, mama."

"Usinikubalie haraka hivyo, unaninyima kugomba."

Aligomba hata hivyo, akagomba vya kutosha, kisha akampa mwalimu injera, mkate wetu wa kila siku, kwa sababu mgeni ni mgeni hata kama umemkasirikia. Mwalimu alikula ameinamisha kichwa. Halafu akashuka na ile barua hadi kwa polisi Debre Birhan.

Jumamosi saa nne Mentewab alikuwa ameketi kizingitini kwao, bibi amemshika pindo la nguo. Kule kituoni, mwalimu alisimama kwenye kibanda cha chai na askari wawili waliovaa kiraia. Basi la Ankober lilipoingia, mwanamume mmoja alijitenga na watu, akaenda mlangoni, akawa anatazama wasichana wanaoshuka, mmoja mmoja. Aliposhuka wa mwisho akamuuliza kondakta kama hakuna mtoto mwingine. Askari walimkamata, wakamkuta na shuka jipya la mtoto na tiketi mbili za basi la kwenda mbali sana, la kuondoka saa hiyohiyo. Mwalimu alipomsimulia Bibi Belaynesh habari ya zile tiketi mbili, bibi hakugomba. Alikwenda nje akasimama ameipa nyumba mgongo.

Jumapili simu haikulia.

Alfajiri yake bibi alikuwa amempeleka Mentewab kwenye maji ya baraka, yale yanayotoka mwambani chini ya kanisa, akammwagia huku kasisi akisoma, na baridi yake ilimtoa pumzi mwilini. Alitetemeka, akavumilia, akadhani ameoshwa. Lakini adhuhuri ilipopita na ile simu kimya kwenye pindo la shuka, aliyaelewa mambo kwa namna yake. Neno la siri unaweza kulibadili. Jina la mama huwezi. Amelitoa yeye kwa vidole vyake, na sasa mama amefungwa huko aliko, asipige tena. Alilibeba wazo hilo wiki nzima, wala hakumwambia mtu jinsi lilivyo zito.

Jumatatu mwalimu alilipanga darasa upya. Alisimama mbele, akawaeleza yote bila kumtaja Mentewab, ingawa Ankober yote ilishajua, hata punda wa kina Yitbarek. Aliwaambia alikosea. Neno la mlango, alisema, liwe kitu ambacho likiibwa unalitupa na kutengeneza lingine kesho, na usilie. Jina la ubatizo si la kutupa, kwa hiyo si la mlango, lirudi lilikokuwa. Waunganishe maneno yasiyopatana, ya kwao wenyewe, upuuzi mtupu. Na anayeuliza neno hilo, awe mzee wa nyota, awe mama, awe mwalimu mwenyewe, jibu ni hapana na baada ya hapana ni kuja mbio. Yitbarek akasema ataweka jina la punda wake. Darasa zima likamtajia jina la punda wake kwa pamoja. Ikabidi afikiri tena.

Kisha wakanyamaza. Mwalimu Wubshet safari hii hakugeukia ukuta tu, alitoka nje kabisa, akasimama uwanjani kwenye baridi. Ndani, vichwa vyote vilikuwa vimeinama, kila kimoja kina kitu kilichomo ndani yake ambacho hakuna mwingine duniani anacho. Mentewab aliinua macho akawatazama wenzake aliowazoea tangu utotoni, wenye kamasi, wenye viraka, akastaajabu kuona walivyo wengi na kila mmoja alivyojifungia chake, na jinsi ile dunia ya buluu nzima isivyoweza kuwasoma wasipotaka. Kisha akaandika lake.

Jumapili iliyofuata walikuwa wametoka misa, bibi anachambua dengu, simu ikalia ndani ya shuka. Bibi alihangaika na fundo, vidole havishiki, akalifungua kwa meno. Alisikiliza. Akaanza kulia, akaanza kumtukana aliyeko upande wa pili kwa matusi ya mapenzi, kwamba yeye ni mtoto gani, kwamba simu ikitumbukia kwenye ndoo ya kufulia mtu haazimi ya mwenziwe? Kisha akampa Mentewab.

Mentewab aliiweka sikioni. Kulikuwa na kelele za sahani, na mtu anapumua.

"Mama," alisema, "niite."

"Nikuite vipi?"

"Niite tu."

Mama alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Kolo," alisema. "Kolo wangu mrukaji. Una nini leo?"

Halikukatika njiani. Lilifika lote. Mentewab alikaa chini sakafuni hapohapo kwenye dengu, akamwambia kila kitu, hadi jina. Alisema amelitoa la mama pia, kwa mtu aliyedai anajua atarudi lini. Upande wa pili sahani zilinyamaza.

"Na alisema lini?"

"Jumamosi. Saa nne. Kituo cha mabasi, Debre Birhan."

Mentewab alisikia maji yakifungwa bombani huko, ng'ambo ya ile buluu yote aliyoiona kwa macho yake.

"Na wewe, mama? Unarudi lini?"

"Sijui, Kolo. Sijui, mwanangu."

Yule wa kwenye kioo alikuwa anajua yote, siku na saa na mahali pa kusimama. Huyu hakujua hata mwezi. Mentewab aliikamata simu kwa mikono miwili, moyo ukamtulia kwa mara ya kwanza tangu ile barua, akamwomba mama yake amwambie leo amekula nini.